Aliyekaa Juu ya Paneli

Kabla hujasema fundi huyu anatunga, njoo Nsemulwa, hapa Mpanda, saa sita mchana uniangalie. Utanikuta ndani. Mafundi wenzangu wa sola wanaipenda saa hiyo kuliko zote, jua liko utosini na ampea zinapanda zenyewe. Mimi saa hiyo nashusha pazia, nakaa sebuleni, nainuka, nachungulia, nakaa tena. Mke wangu ameshachoka kuniuliza kinachonisumbua. Haya nitakayokusimulia yalinitokea mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na sikuwa nimekunywa, maana najua hilo ndilo swali lako la kwanza.

Tena usingoje habari za usiku wa manane na bundi kulia. Ilikuwa mchana kweupe, jua la mwezi wa nane, lile linalofanya bati lilie kwa joto ukilikanyaga. Kama ingekuwa usiku ningesema macho yangu yalidanganyika, na leo ningekuwa nalala vizuri.

Kazi yangu ni kufunga sola majumbani. Nimefunga hapa mjini, nimefunga vijiji vingi vya njia ya Mwese, na bila kujisifu sana, ukiona taa inawaka huko porini kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Kijiji chenyewe sikitaji kwa heshima ya familia. Kiko kabla milima haijaanza. Kuna mji mmoja wa Wasukuma pale, yaani boma la familia moja, watu waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini zamani. Mwenye mji alikuwa Mzee Luhende. Mimi sikumkuta hai. Waliponiita kufunga mtambo alikuwa ameshafariki, wamebaki mjane wake ambaye kila mtu anamwita Mayu, yaani mama, mtoto wao wa mwisho Masanja na mkewe Spesioza, pamoja na dada wa marehemu, Shangazi Nkwimba. Huyo Shangazi ana sauti ambayo akisema na ng'ombe zizini, wewe uliye barabarani unageuka.

Spesioza alikuwa mtu wa Mishamo. Babu zake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, yeye kazaliwa hapa hapa na uraia anao kama mimi na wewe, lakini kwa Shangazi Nkwimba alikuwa "yule wa kambini" siku zote. Masanja alimwoa kwa ng'ombe halali. Binti mpole, mrefu, anayekutazama machoni akiongea nawe.

Sasa nikueleze kosa langu, maana bila hilo hutaelewa lililofuata. Siku ya kufunga ule mtambo ilikuwa wakati wa palizi, watu wote wako shambani isipokuwa Spesioza aliyeachwa anipikie. Paneli huwa hailazwi tu juu ya bati. Huku kwetu inatakiwa iinamie kaskazini kidogo, kwa hiyo unatengeneza fremu ya mbao na kuinyanyua upande wa nyuma. Siku ile nikapungukiwa vipande viwili vya kunyanyulia. Kurudi mjini ni zaidi ya saa nzima kwa pikipiki, na wingu la mvua lilikuwa linakuja. Nikaangaza uani. Ukutani, upande unaotazama zizi, kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwenye gogo moja la mninga. Kimepinduliwa, miguu juu, kimejaa vumbi na vinyesi vya kuku. Mimi niliona kuni. Wewe ungeona nini?

Spesioza alikuwa ameenda bombani. Nikakikata kigoda katikati kwa msumeno, nikapanda na vile vipande viwili, nikavipigilia misumari chini ya fremu. Paneli ikakaa kwa mwinamo mzuri hadi nikajipongeza. Jioni taa ziliwaka, hata moja ya kule zizini kwa ajili ya fisi, Mayu akacheza kidogo, nikapewa kuku nikaondoka.

Kesho yake Masanja akanipigia simu. "Fundi, samahani, hukuona kigoda cha mzee pale ukutani?"

Sikujua bado kilikuwa cha nini, ila kwa sauti yake nilijua si kuni. Na mdomo wangu, niamini, ulijibu kabla sijauruhusu. "Kigoda? Mimi nilikuwa juu ya bati siku nzima, kaka. Sijui habari zake."

Ndipo akanieleza. Kwao mwenye mji akifa, kigoda chake kinapinduliwa pale pale alipokuwa akikikalia kutazama ng'ombe wakirudi. Hakiguswi, hakifutwi hata vumbi, mpaka mavuno yaishe. Hapo ukoo unakusanyika, kigoda kinageuzwa, na mrithi anakalishwa juu yake watu wote wakiona. Mrithi alikuwa yeye Masanja. Nikampa pole kwa kupotelewa, unaona nilivyo? Nikajiambia siku moja nitapita pale, nitoe vile vipande, niweke mbao, nitupe kigoda kichakani kiokotwe na mtu. Siku zikapita, si unajua kazi zilivyo.

Mavuno yakaisha, na kigoda cha kugeuzwa hakipo. Na mavuno yalipoisha, betri ya ule mji ikaanza kugoma.

Mwanzo Masanja aliniambia taa zinazimika mapema. Nikamjibu kifundi, "Nyie mnawasha tivii sana, punguzeni." Wakaacha tivii. Baada ya wiki akasema sasa taa haziwaki kabisa, betri haijai hata kukiwa na jua la kutosha. Nikamwambia afute vumbi kwenye paneli. Akafuta kwa fagio refu, bila kupanda. Nikamwambia aongeze maji ya betri. Akaongeza. Kila alivyopiga nilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la kunizuia mimi nisipande tena juu ya lile bati. Halafu usiku mmoja fisi akaingia zizini gizani akachukua ndama. Masanja akapiga, safari hii hakuwa anaomba. "Kesho uje, fundi. Hapa nyumbani mambo yameharibika."

Nilifika saa nne na kitu. Nikamsalimia Mayu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwadila, Mayu," ingawa ile ni salamu ya jioni, na siku nyingine angenicheka. Siku hiyo hakucheka. Shangazi Nkwimba alikuwa amekaa kizingitini kama askari, na hakusubiri niulize.

"Betri huna haja ya kuipima," akaniambia. "Ugonjwa wake tunaujua. Uko jikoni unapika."

"Shangazi, mwache fundi afanye kazi," Masanja akasema bila kuinua kichwa.

"Nimwache? Kigoda cha kaka yangu kimepotea siku aliyobaki yeye hapa peke yake. Umeme umekufa. Ndama ameliwa. Na juzi kanifuata mimi, mimi hapa, ananiambia eti baba mkwe amekaa juu ya bati mchana! Mayu wane! Mtu mzima anaona maiti juu ya bati halafu mnaniambia niache?"

Nikamtazama Spesioza. Jiko lao liko mahali palipoinuka kidogo nyuma ya nyumba, ukisimama mlangoni unaiona paneli vizuri. Alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Masanja akanisogelea akaninong'oneza kwamba Shangazi ameita wakubwa wa ukoo jioni ile, na kama betri haijapata maelezo ya kifundi, mkewe atarudishwa kwao Mishamo kama mchawi. "Nisaidie, kaka," akasema. "Tafuta kilichoharibika. Hata waya tu."

Umesikia uzito huo? Ndoa ya watu ilikuwa inaning'inia kwenye mita yangu.

Nikaanza kazi, na nilifanya kama ninavyofanya siku zote, maana mikono inapohangaika kichwa hutulia. Betri ilisoma volti kumi na moja na kidogo, yaani tupu. Kwenye vichwa vyake kulikuwa na ule unga mweupe, nikausafisha kwa maji ya moto, nikakaza. Nikafungua fyuzi, nzima. Kile kiboksi kinachopokea umeme wa paneli na kuulisha betri, taa zake zote ziliwaka sawasawa. Nikafuata waya kwa vidole kutoka ndani hadi nje, hakuna panya aliyegusa. Nikabana waya wa paneli kwa mita ya ampea. Jua lile lilitakiwa kunipa ampea tisa au kumi. Mita ikasoma moja. Nikaizima, nikaiwasha. Moja.

Fundi yeyote atakwambia ampea zikishuka hivyo wakati waya ni wazima, kuna kitu kimeikinga paneli. Jani moja kubwa linatosha, au nguo iliyoanikwa vibaya. Lakini ule mji hauna mti karibu. Nikachukua ngazi, nikapanda. Ilikuwa saa sita.

Nilipotokeza kichwa juu ya bati, nilikiona. Kwenye kioo cha paneli kulikuwa na kivuli cha mtu aliyekaa. Si wingu, si doa. Mabega yaliyoinama, kofia pana, fimbo imelazwa juu ya magoti. Nikageuka nyuma haraka nimwone mwenye kivuli. Nyuma yangu kulikuwa na anga tupu na mwewe mmoja mbali sana. Nikatazama tena. Kivuli kilikuwa pale pale, kimetulia, kichwa kimeelekea zizini.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya ujinga, nilinyoosha mkono nikagusa. Bati lilikuwa linaunguza magoti yangu kupitia suruali, lakini kioo pale kwenye kivuli kilikuwa cha baridi, baridi ya mtungi uliokaa ndani. Nikiutoa mkono nje ya kivuli, moto. Nikiurudisha, baridi. Kisha kile kichwa kikageuka. Taratibu, kama mzee anayeitwa na mtu asiyemtarajia, kikaacha kutazama zizi kikaelekea kwangu. Kivuli hakina macho, najua. Lakini nilitazamwa.

Ndipo nikaona kimekaa wapi. Kilikuwa kimekaa sehemu ya nyuma ya paneli, juu kabisa ya pale nilipopigilia vile vipande viwili. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilikuwa chini nimeshika ngazi kwa mikono miwili, magoti yakicheza, na watu wote wananitazama. Masanja, Mayu, Shangazi na majirani wawili waliokuja kuona. Spesioza akatoka jikoni akaja kusimama mbele yangu kabisa.

"Fundi," akasema, "umeona nini huko juu?"

Nikwambie ukweli wote? Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini nikaona mara moja yatakayofuata. Nikisema nimeona kivuli, wataniuliza kwa nini amekaa pale, watapanda, watavikuta vipande vya kigoda na misumari yangu. Jina langu litavuma mpaka Mpanda mjini. Nikamtazama Shangazi, nikamtazama Masanja. Nilishindwa kumtazama yeye.

"Sijaona kitu," nikasema. "Paneli nzima. Ni betri tu imechoka, kesho nitaleta nyingine tujaribu."

Spesioza hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu, akarudi jikoni. Shangazi Nkwimba akapiga makofi mara mbili. "Fundi mwenyewe kasema hakuna kitu. Sasa yeye anayeona, anaona kwa macho gani?"

Usiku ule sikulala. Nilijigeuza hadi mke wangu akahama na shuka lake. Alfajiri nikafunga betri kwenye pikipiki nikaondoka, nimeshakata shauri kwamba nitatoa vile vipande kimya kimya, umeme utarudi, maneno yataisha na Spesioza atapona. Niliona ni mpango mzuri kabisa. Njia nzima nilikuwa naongeza mwendo bila kujua nakimbilia nini.

Nilikuta jiko halina moshi.

"Kaondoka asubuhi," Masanja aliniambia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu. "Wakubwa walikaa jana. Bodaboda imempeleka na furushi lake la nguo. Nilisema, fundi, nilisema sana, lakini ningesema nini wakati hata wewe hukuona kitu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nafasi ya tatu hiyo, nihesabie. Badala yake nikapanda juu. Ilikuwa bado asubuhi, paneli ilikuwa tupu, inang'aa. Nikang'oa misumari, nikatoa vipande vya kigoda, nikaweka mbao nilizokuja nazo. Vile vipande nikavitia kwenye begi la vifaa, nikafunga zipu. Saa sita nikabana mita kwenye waya: ampea tisa na nusu. Betri ile ile ya zamani, niliyosema imechoka, ikaanza kunywa umeme kama ndama aliyeachiwa mama yake. Sikuhitaji hata kufungua ile niliyobeba.

Jioni Masanja akawasha swichi. Nyumba nzima ikawaka, na zizi likawaka. Na unajua Shangazi Nkwimba alifanya nini? Alipiga vigelegele. Alizunguka ua mzima akipiga vigelegele.

"Mmeona?" alikuwa anawaambia majirani. "Katoka asubuhi, taa zimewaka jioni! Mnataka ushahidi gani tena?"

Nilikuwa nimesimama chini ya ile taa na begi begani. Kigoda kilikuwa ndani ya begi, kinanichoma ubavuni. Mimi ndiye niliyetengeneza ushahidi ule kwa mikono yangu, na kwa nyundo yangu mwenyewe. Nilijichukia, na bado sikusema neno. Nikaaga, nikaondoka.

Njiani nilisimama mara tatu nivitupe vile vipande porini, na mara tatu mkono ukakataa. Nikafika navyo nyumbani, nikavificha stoo nyuma ya madumu. Kesho yake saa sita mita ya kwangu, ya nyumba yangu mwenyewe hapa Nsemulwa, ikasoma moja. Sikupanda kuangalia. Nilijua nani amekuja.

Wiki mbili niliishi hivyo. Taa zangu zikazimika, mke wangu akawa ananicheka kwa mafundi wenzangu, eti kinyozi ana nywele ndefu. Kula sikuli, nikikaa dakika tano nainuka. Nilikuwa nakwenda kwa wateja na kurudi bila kufungua begi. Nilijaribu hata kupeleka kigoda kwa seremala akigandishe kwa gundi. Gundi ilikauka vizuri tu, lakini asubuhi tulikikuta kimeachana pale pale msumeno ulipopita. Seremala akaniambia nikichukue, na nisirudi nacho.

Siku ya kumi na tano nikapanda kwenye bati la stoo, iliko paneli yangu, mkabala na dirisha la sebule. Nilishindwa kuvumilia zaidi, nikasema anayetaka kuniua aniue. Mzee alikuwepo, amekaa na fimbo yake. Lakini hakuwa peke yake. Kando yake, kwenye kona ya kioo, kulikuwa na kivuli cha pili, kimesimama. Cha mwanamke mrefu, amejitwisha furushi kichwani.

Nikajua Spesioza amekufa.

Kilichofuata nilikifanya kwa haraka hata viatu nilivaa vya tofauti. Nilibeba kigoda mikononi, si begini, nikaenda hadi kwa akina Luhende, nikakiweka mbele ya Mayu na Masanja, na nikasema yote. Nilivyokikata, nilivyodanganya kwenye simu, nilichokiona juu ya bati, nilivyodanganya tena. Shangazi Nkwimba alikuwepo. Aliinuka kizingitini akaingia ndani. Mayu alivipapasa vile vipande polepole, akauliza jambo moja tu, kama mzee alionekana amekasirika. Nikamwambia hapana, Mayu, alikuwa anatazama ng'ombe. Hapo akalia.

Masanja alinishika shati, nikadhani atanipiga, na ningestahili. Akanisukuma kuelekea pikipiki. "Twende Mishamo," akasema. "Twende ukaseme kule."

Njia ya Mishamo siku ile sikuiona. Nilikuwa naomba tu tusikute turubai la msiba. Tulipoingia kwa baba yake, Spesioza alikuwa uani anatwanga kisamvu. Mzima. Amekonda kidogo, lakini mzima, mchi unapanda na kushuka. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Hakuacha kutwanga. Hata Masanja alipomwita kwa jina. Mwishowe akaegesha mchi, akaita baba yake, akaita majirani wa pande zote mbili. Walipofika akasimama mbele yangu kama siku ile.

"Fundi, umeona nini kule juu?"

"Nilimwona baba mkwe wako," nikasema. "Amekaa. Na kigoda nilikiiba mimi."

Baba yake alivua kofia. Spesioza akaniambia, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, "Siku ile nilikuuliza kwa sababu uliposhuka ulikuwa unatetemeka. Nilijua umeona. Nikasema, Mungu amenipa mtu wa pili. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako." Akashika tena mchi wake. "Leo umelileta. Ahsante. Lakini mimi kule sirudi."

Na hakurudi. Masanja alibembeleza, wakubwa wa ukoo walikwenda, hata Shangazi Nkwimba mwenyewe alikwenda na kanga mpya na akapiga magoti. Spesioza aliwapikia wote, wakala, akawasindikiza hadi barabarani. Baadaye ni Masanja aliyehama. Alichukua ng'ombe wanne akahamia Mishamo kwa wakwe zake, jambo ambalo kwao halisemwi kwa sauti. Wanalima maharage. Wana mtoto sasa.

Kigoda Mayu alikifunga mwenyewe kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, na ngozi ilipokauka kikashikamana, hakijaachana tena. Kimerudi ukutani, kimepinduliwa, kinatazama zizi. Mavuno mawili yamepita. Hakijageuzwa, kwa kuwa wa kukikalia hayupo.

Na mimi? Siku niliyorudisha kigoda, mzee aliondoka juu ya bati langu, na hajarudi. Utasema basi yameisha. Ndugu yangu, yule wa pili hakuondoka. Kila siku saa sita mchana, kwenye kona ya paneli yangu, amesimama mwanamke na furushi lake kichwani. Spesioza yuko hai, nimemwona kwa macho yangu, ana mtoto mgongoni. Sasa yule ni nani? Nimeuliza padri, nimeuliza na wengine nisiotaka kuwataja. Haniharibii sana, ananipunguzia ampea moja na nusu tu, betri inajaa jioni kabisa badala ya alasiri. Hafanyi kitu. Anasimama ananielekea, kama mtu aliyeuliza swali akasubiri.

Kwa hiyo nakuonya, wewe fundi mwenzangu, usiguse hata kijiti kwenye ua wa mtu kabla hujauliza ni cha nani na kimewekwa pale kwa ajili gani. Na wewe usiye fundi, siku utakayoulizwa mbele ya watu umeona nini, na kweli umeona, sema hapo hapo, kabla anayekuuliza hajarudi jikoni. Mimi nimeshasema mbele ya Mayu, mbele ya baba yake na majirani kule Mishamo, na sasa nimekusimulia wewe. Kesho saa sita nitachungulia pazia tena, nione kama amekwenda.